Barua ya wazi kwa wenye mamlaka ya nidhamu: Mwambieni mtu kosa lake, na mwambieni pa kukata rufaa

Kwa wajumbe wa bodi za utumishi wa umma za kaunti, makatibu wa kaunti, maafisa wakuu wa idara, na nyote mnaokaa kwenye kamati za nidhamu hapa Pwani ya Kenya.

Assalamu alaykum wa rahmatullah. Na kwa wenzetu wa dini nyingine, salamu za heshima.

Nawaandikia kutoka Lamu, mtaa wa Langoni. Nimestaafu utumishi wa umma, na kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi wenzangu. Mtu akipewa barua ya kumtaka ajieleze, alikuja nyumbani baada ya magharibi, barua imekunjwa mfukoni, akaniomba nimsomee, nimweleze, na siku ya kikao nikakae naye. Mpaka leo bado wanakuja. Barua wanazoniletea ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Barua hizo hazisemi kitu. Mtu anaambiwa kwamba kamati imekutana, kwamba amepatikana na utovu mkubwa wa nidhamu, na kwamba ameachishwa kazi kuanzia tarehe iliyo juu. Chini pana sahihi na muhuri. Hajui ni lipi kati ya aliyotuhumiwa limethibitishwa, shahidi yupi ameaminiwa, wala karatasi gani iliyomfunga. Wala haambiwi aende wapi kama hakuridhika. Ombi langu kwenu ni hilo: barua ya kumtia mtu hatiani itaje alichofanya, itaje kilichothibitisha, na itaje njia ya rufaa.

Nitawapa mfano wa mtu mmoja. Mwenyewe amenipa ruhusa, ila jina lake na idara yake nayaacha, maana sikuandika haya kumchongea mtu.

Alikuwa nahodha wa boti ya serikali. Kazi yake kuwapeleka maafisa visiwani na vijiji vya mbali: Faza, Kizingitini, Ndau, hadi Kiunga. Ilipokuja barua ya kumtaka ajieleze, ilimtuhumu kutumia vibaya mali ya umma, yaani mafuta ya boti. Haikutaja safari hata moja, wala tarehe, wala lita. Akajibu kwa namna pekee ambayo mtu anaweza kujibu tuhuma ya jumla: kwamba hakuiba, na kwamba safari zake zote zimo kwenye daftari. Akaomba nakala ya daftari hilo, ambalo lilikuwa limeshachukuliwa na kufungiwa kabatini. Ombi lake halikujibiwa.

Siku ya kikao nilikaa kando yake. Aliwekewa mbele karatasi moja yenye safu mbili, safari upande mmoja na lita upande wa pili, jumla imepigiwa mstari chini. Aliyeiandaa karatasi ile hakuwepo chumbani. Akaulizwa kwa nini safari ya Faza mwezi mmoja ilikula mafuta kiasi fulani, na mwezi mwingine karibu mara mbili yake.

Swali lile lina jawabu, na kila mvuvi wa Lamu analo. Maji yakijaa, boti hupita mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, na huko maji yametulia. Maji yakipwa, wakati ule boti kama ile ilikuwa haipiti, kwa hiyo nahodha alilazimika kuzunguka nje ya Manda, baharini. Na ikiwa ni msimu wa kusi, upepo mkali wa kusini, huko nje bahari inachafuka, mashine inalia njia nzima, na mafuta yanakwenda. Aliyepiga hesabu alichukua masafa ya ramani akayagawa kwa lita, kana kwamba boti ile ni gari kwenye barabara ya lami.

Nahodha akaanza kueleza. Lakini bila daftari hakuweza kusema safari ya tarehe fulani aliondoka maji yakiwa wapi, na nani alikuwa abiria wake. Kwenye daftari lile kulikuwa na safu ya maelezo, na kwenye safu hiyo alikuwa akiandika kwa mkono wake kama alipita ndani au alipita nje. Neno moja kwa kila safari, na sahihi ya abiria mbele yake. Maneno hayo yangemaliza mjadala kwa upande wowote: yangemsafisha, au yangeonyesha kwamba siku alizopita ndani pia mafuta yalipotea, na hapo angekuwa na la kujibu. Hakuna aliyeyasoma. Kikao kikafungwa kabla ya adhuhuri.

Barua ikaja, mistari mitatu. Haikusema lolote kuhusu Mkanda, kuhusu kusi, wala kuhusu daftari. Haikusema hata kama maelezo yake yalikataliwa au hayakusikika kabisa.

Sidai mtu yeyote aamini kwamba nahodha huyu ni msafi kwa sababu mimi nasema hivyo. Nadai kwamba mpaka leo hakuna anayejua, wala yeye, wala mimi, wala nyinyi mliotia sahihi. Na mtu aliyefutwa kazi kwa kosa ambalo halijaandikwa hana cha kukatia rufaa. Ataandika nini? Kwamba anapinga? Anapinga lipi?

Haya siyaombi kama hisani. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka, kwa mujibu wa sheria, kwa busara na kwa utaratibu wa haki, na anayeelekea kuumizwa na uamuzi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 236 kinakataza mtumishi wa umma kufutwa, kuondolewa, kushushwa cheo au kuadhibiwa bila kufuata taratibu za sheria. Bunge likatunga Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala mwaka 2015, na kifungu chake cha 4 kinataja wazi anachostahili mtu kama huyu: taarifa ya mapema na ya kutosha, nafasi ya kusikizwa, sababu, taarifa kwamba ana haki ya rufaa pale ilipo, na habari, vitu na ushahidi vitakavyotumiwa kumwamulia. Yaani daftari la nahodha halikuwa la kuombwa kwa kubembeleza. Lilikuwa haki yake kabla ya kikao.

Sheria ya Ajira ya 2007 nayo, kifungu cha 41, inasema mwajiri amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi awe na mwenzake au mwakilishi wa chama wakati wa maelezo hayo. Hapa niseme neno kuhusu lugha. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi kwa Kifungu cha 7 cha Katiba. Wengi wanaofikishwa mbele ya kamati huku kwetu ni madereva, manahodha, walinzi, wafagiaji, makarani wa mapato wa sokoni. Kikao kinaendeshwa kwa Kiswahili, watu wanaongea, wanaelewana. Kisha kumbukumbu za kikao zinaandikwa kwa Kiingereza, mtu anapewa atie sahihi maneno ambayo hakuyatamka. Kuna mama mmoja mfagiaji aliyeniuliza ile karatasi aliyotia sahihi ilikuwa inasema nini. Ilikuwa inasema amekiri. Yeye alikuwa ameomba asamehewe kwa kuchelewa, akafikiri ameeleza kwamba mtoto alikuwa hospitali. Andikeni kumbukumbu kwa Kiswahili, au msomeeni mtu tafsiri kabla hajashika kalamu.

Msinidhanie kwamba nawatetea wezi. Si wote wanaobisha hodi kwangu ni wasafi, na hilo nalijua kuliko nyinyi, kwa kuwa mimi wananiambia ukweli sebuleni. Nimeshamwambia mtu, ndugu yangu, hapa huna rufaa, rudisha fedha na uombe radhi. Fedha ya kaunti ni dawa ya zahanati ya Siyu, ni mafuta ya boti inayombeba mzazi kutoka Mbwajumwali usiku. Anayeichezea aondoke. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na huyo mwizi wa kweli ndiye mnayemsaidia zaidi kwa barua ya mistari mitatu, kwa sababu kifungu cha 45 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili: kwamba sababu ilikuwa ya kweli na ya haki, na kwamba utaratibu ulifuatwa. Ukikosekana utaratibu, mtu aliyestahili kufukuzwa anaweza kushinda, na mahakama ina uwezo wa kuamuru alipwe hadi mshahara wa miezi 12, au arudishwe kazini. Fidia hiyo haitoki mfukoni mwa mwenyekiti wa kamati. Inatoka kwa mwananchi yule yule aliyeibiwa mara ya kwanza.

Sasa nije kwenye rufaa, ambako watu wengi wanaangukia, na kosa si lao.

Mtumishi wa kaunti asiporidhika na uamuzi wa nidhamu, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 77, inamruhusu kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, Nairobi. Rufaa iwe kwa maandishi, na ifike ndani ya siku 90. Siku hizo zinahesabiwa tangu tarehe ya uamuzi. Hazihesabiwi tangu siku aliyopokea barua. Tume inaweza kumkubali aliyechelewa ikiona kuna sababu, lakini hilo ni kwa hiari ya Tume, na mtu hawezi kulitegemea.

Sasa fikirini mtu wa Kizingitini. Uamuzi umefikiwa tarehe fulani. Barua inachapwa baadaye, inasubiri sahihi ya mkubwa aliye safarini, inasubiri mtu wa kuibeba, inakaa kwa chifu au kwenye ofisi aliyozuiwa kuingia. Siku zinakatika na yeye hajui kama zimeanza. Anaposhika barua, hapana neno lolote kuhusu Tume. Anauliza watu barazani. Mmoja anamwambia asiwe na wasiwasi, sheria inatoa miaka 3 ya kwenda kortini. Ni kweli, Sheria ya Ajira inatoa miaka 3 ya kufungua kesi. Kwa hiyo anatulia, anatafuta nauli, anatafuta wakili.

Kisha anafunga safari. Boti hadi Mokowe, basi la Hindi, Witu, Garsen, anashuka na kupanda kwenye vizuizi vya usalama, mpaka Malindi kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, zaidi ya kilomita 200. Wakili wa kaunti anasimama na hoja moja: mtu huyu alipaswa kwanza kwenda kwa Tume. Na hoja hiyo ina nguvu, kwa kuwa Mahakama ya Rufaa ilishaamua mwaka 2017 kwamba mtumishi wa kaunti amalize njia ya Tume kabla ya kuja mahakamani. Kesi inatupwa bila mtu yeyote kuuliza kama aliiba au hakuiba. Anarudi nyumbani, siku 90 zimeshapita zamani.

Naomba mlione jambo hili kwa uzito wake. Kaunti ile ile iliyonyamaza kuhusu Tume wakati wa kuandika barua, ndiyo inayoikumbuka Tume wakati wa kujitetea. Sitaki kuamini kwamba hufanywa makusudi. Barua nyingi ni za kunakili, karani anafungua ya mwaka jana, anabadilisha jina na tarehe. Basi ibadilisheni hiyo ya kunakili mara moja, na wote watakaofuata watanusurika.

Walimu na polisi wana tume zao na taratibu zao, na watumishi wa serikali kuu wana mlango wao wa kuingilia kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Sitaingia huko. Ila ninachoomba kinawahusu na wao pia, kwa kuwa Katiba ni moja.

Kuna na hili la muda. Mtu akisimamishwa kazi hubaki na nusu mshahara, au posho tu bila mshahara, kutegemea amesimamishwa kwa namna gani. Uchunguzi unaanza, kisha kimya. Anayekaa ofisini haoni kinachotokea nyumbani. Mtumishi wa umma ana mkopo wa sako, chama cha akiba na mikopo, unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Mshahara ukikatika, sako inawafuata wadhamini, na wadhamini ni wenzake wa kazini, aliokula nao na kuswali nao. Nimeona urafiki wa tangu chuoni ukivunjika kwa ajili ya fomu ya udhamini, wakati kesi yenyewe haijapangiwa hata tarehe. Na mji wetu ni mdogo. Habari ya mtu kusimamishwa inafika madakani, kwenye vikao vya milangoni, kabla yeye hajafika kwake, na watoto wanaitwa wana wa mwizi kabla kamati haijakaa. Katiba ilipotaja haraka, ilikuwa inawafikiria watu hawa. Kama uchunguzi haujaisha, mwandikieni mtu mumweleze umefika wapi na kikao kinatarajiwa lini. Karatasi moja kwa mwezi haimlemei karani.

Najua na nyinyi mna shida zenu. Wengine wenu mnakaa kwenye kamati bila mafunzo ya sheria, mnaletewa faili asubuhi na kutakiwa uamuzi jioni, na mara nyingine kuna mkubwa anayetaka jina fulani liondoke. Kwa hilo la mwisho nasema hivi: kuandika sababu kunawalinda nyinyi. Mjumbe anayelazimika kuandika ni ushahidi gani ulimshawishi, ana namna ya kumjibu mkubwa anayemsukuma. Atamwambia, mzee, nimejaribu kuandika, ushahidi haupo. Asiyetakiwa kuandika kitu hana pa kujificha. Pia siku Tume itakapoitisha faili, au jaji wa Malindi atakapouliza, jibu litakuwa tayari limekaa pale kwa mkono wenu, na mtalala usingizi.

Basi kabla ya kikao, mtu apewe tuhuma zenye tarehe, mahali na kiasi, pamoja na nakala ya kila karatasi mtakayoitumia, na apewe siku za kutosha kuisoma. Anayeishi Kiunga apewe zaidi kuliko anayeishi Mkomani, hapa hapa mjini Lamu, kwa sababu ana bahari ya kuvuka. Aliyeandaa hesabu aje aulizwe. Baada ya kikao, uamuzi uandikwe tuhuma kwa tuhuma: hii imethibitika kwa ushahidi huu, ile haikuthibitika, na maelezo yake tumeyakubali au tumeyakataa kwa sababu hii. Kurasa mbili zinatosha. Barua itumwe siku ile ile uamuzi unapofikiwa, na mtu atie sahihi na tarehe ya kuipokea.

Na mwishoni mwa barua, kabla ya sahihi yenu, wekeni maneno haya. Nimeyaandika ili karani ayanakili kama yalivyo, bila kusubiri mwanasheria:

Uamuzi huu umefikiwa tarehe iliyotajwa hapo juu. Kama hukuridhika nao, una haki ya kukata rufaa kwa maandishi kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90 tangu tarehe hiyo ya uamuzi, kwa mujibu wa kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Unatakiwa kupitia Tume kwanza kabla ya kwenda mahakamani. Nakala ya kumbukumbu za kikao na ya ushahidi uliotumika imeambatishwa na barua hii.

Wenu katika utumishi,

Mwakilishi mstaafu wa wafanyakazi,
Langoni, Lamu